Paka Watoke Chini ya Nyumba

Kindu, tarehe 9, mwezi wa tatu, 2003

Tambwe mwanangu,

Salamu zangu zikukute mzima huko Bukavu kwa wajomba zako. Mimi shangazi yako Aïcha sijambo. Nyumba ya babu yako imesimama, ila mbao za madirisha ya mbele zilichomwa kuni wakati wa njaa. Mpunga umeanza kuingia kutoka Kibombo, watu wanarudia kucheka kidogo kidogo.

Umeniuliza baba yako alikufa vipi. Umeshatimiza miaka kumi na miwili, nitakujibu mara moja tu. Kaka yangu Kitenge alitoka kutafuta maji, askari wakamkuta nje, wakamchukua. Wewe ulikuwa na homa kali, umelala. Ni hayo.

Paka wako simwoni tena. Soma, uswali, uwatii wajomba zako. Usirudi mpaka nikuite.

Shangazi yako, Aïcha


Kindu, tarehe 2, mwezi wa tatu, 2025

Tambwe, mtoto wa kaka yangu,

Asalaam aleikum, wewe na mkeo Mado na mjukuu wangu Jessica. Unisamehe mwandiko. Miaka yote hii tumezoea simu, mkono umesahau kazi. Lakini ukisema huko kwenu simu zinapekuliwa kwenye vizuizi, basi turudi kwenye karatasi. Bruno mwenye pikipiki ameahidi kuficha barua hii ndani ya mfuko wa mchele. Nimemwambia akiipoteza asinunue tena maandazi kwangu.

Huku tuko. Mto umejaa, mvua haitupi nafasi ya kuanika. Muhindo, yule mfanyabiashara wa misumari na mabati aliyepanga mbele yangu, kila siku ananiuliza habari za mke wako, kana kwamba Wanande wote, yeye na Mado, wamezaliwa tumbo moja. Ni mtu mwema, ila redio yake haizimwi, na habari za redio siku hizi zinanikata hamu ya kula. Tangu wale waasi walipoingia Bukavu, hapa kila mtu anauliza kama watafika mpaka kwetu.

Sasa nina shida, na wewe ndiye tabibu wa wanyama. Paka wasio na mwenyewe wamehamia chini ya nyumba. Unajua ilivyo: nguzo za matofali, ukuta mfupi umezunguka, na yale matundu manne ya kupitishia hewa ambayo mtu anaweza kupita kwa tumbo. Nimehesabu paka watano. Wanapigana, wananuka, viroboto wanapanda mpaka kitandani kwangu. Muhindo anasema, "Mama, weka dawa ya panya, itaisha." Nikamwambia, akiweka sumu chini ya nyumba yangu, atahama yeye kabla ya paka. Paka anakunywa maji ya udhu na udhu haubatiliki, mimi nimuue?

Nataka watoke wote, wasirudi, na asife hata mmoja. Nifanyeje? Nijibu upesi, nataka pawe safi kabla ya mwezi wa saba.

Na kama mnaona kuja, njooni. Vyumba vipo.

Shangazi yako


Bukavu, tarehe 30, mwezi wa tatu, 2025

Shangazi mpendwa,

Aleikum salaam. Barua yako imekaa njiani wiki tatu na imefika inanuka mchele, kwa hiyo Bruno amelinda maandazi yake. Sisi tu wazima. Jessica amepoteza meno mawili ya mbele na anacheka amefunga mdomo. Shule zinafunguliwa siku mbili, zinafungwa tatu. Mado ameacha kwenda soko la mbali. Mimi nakwenda kazini kwa miguu na narudi kabla ya saa kumi. Mifugo haijui vita, inaugua kama zamani.

Habari za paka. Kwanza, shangazi, usizibe kitu chochote sasa. Huu ni msimu wa kuzaa. Ukiziba na humo kuna watoto, mama atabaki nje analia na watoto watakufa ndani kwa njaa. Nyunyiza unga kwenye kila tundu jioni, asubuhi usome nyayo. Utajua wangapi wanaingia na kwa njia gani. Kama kuna jike anayetoka na kurudi haraka haraka, huyo ananyonyesha. Mngojee. Watoto wakifika wiki sita, wanatembea wenyewe.

Wakati unangoja, wape mahali pengine. Sanduku la mbao chini ya kibanda cha kuni, gunia kavu ndani, mlango mdogo, upepo usiingie. Chakula kiwe huko tu, siku zote saa ile ile, kamwe kisiwe karibu na matundu. Paka anafuata tumbo. Kisha ziba matundu matatu kwa waya wa griyaje, ule wa kufugia kuku, uuingize ndani ya udongo kiganja kimoja. Tundu la nne uning'inize kipande cha waya kinachofunguka kwa nje tu: aliye ndani anasukuma anatoka, akitaka kurudi hawezi. Siku tatu ukiona majivu hayana unyayo wa kutoka, ndipo unaziba.

Mwezi wa saba una nini?

Mwanao, Tambwe


Kindu, tarehe 21, mwezi wa nne, 2025

Tambwe,

Natumaini mmefunga Ramadhani kwa amani na mmekula Idi, hata kama ni sombe tu, majani matupu ya muhogo. Mwambie Jessica meno yakichelewa nitamtumia ya kwangu, yamebaki matatu na sina kazi nayo.

Tabibu wangu, umetaka kunitia aibu. Nilinyunyiza unga wa muhogo kwenye matundu yote manne. Asubuhi mke wa Muhindo amesimama njiani, mikono kichwani: "Mama Aïcha, njo nini hii? Kumwanga chakula chini, wakati watu wanalala na njaa?" Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke mzee anayezungushia nyumba yake unga ana neno lake. Mbona hukuniambia majivu kutoka mwanzo, ukaja kuyataja mwisho? Niliufagia mbele yao na kueleza hadithi yote ya paka, wakacheka mpaka mke wa Muhindo akakaa chini. Sasa natumia majivu.

Nyayo zimesema: madume matatu, wapita njia tu. Jike moja la kahawia ambalo haliingii. Na jike jeusi linaloingia kwa tundu la nyuma, upande wa jikoni, linatoka mara moja kwa siku. Huyo ndiye mama. Nimemsikia akiongea na watoto wake. Muhindo amenipa griyaje, na matundu matatu yameshazibwa. Sanduku lipo chini ya kibanda, nawawekea vichwa vya samaki saa kumi na moja. Madume yamehama siku ya pili, wanaume hawana haya.

Nikuulize: harufu ya paka inachukua siku ngapi kuisha katika udongo? Viroboto wanaisha kwa moto au kwa chokaa? Na kama mtu akitandika mkeka juu ya chokaa, inamwasha ngozi? Watu watatu, wanne, wakilala hapo siku tatu, hewa ya tundu moja inatosha?

Nijibu haya yote, usiruke.

Shangazi


Bukavu, tarehe 25, mwezi wa tano, 2025

Shangazi,

Salamu. Tuko wazima. Nimechelewa kwa kusudi, nisikudanganye kwamba ni barabara.

Nilisoma barua yako kazini, nikaisoma tena nyumbani, kisha Mado akaisoma. Akaniuliza: "Shangazi yako anatuandalia shimo?" Nikahesabu. Watu wanne: wewe, mimi, Mado na Jessica. Kumbe viroboto si shida yako. Unasafisha pale ili tukalale tena pale, wakija.

Nisikilize. Hapa wanaume wa umri wangu wanachukuliwa njiani kubebeshwa mizigo, wengine hawarudi. Mado analia ninapochelewa dakika kumi. Nikijiambia nije Kindu, nafika kwa mawazo mpaka kwenye ngazi za nyumba na miguu inakataa. Miaka ishirini na mbili sijaukanyaga mji huo. Uliponiuliza kwenye harusi yangu nikasema kazi. Haikuwa kazi.

Chini ya nyumba ile sitaingia. Usiniulize sababu, kama mimi nilivyokatazwa kuuliza nikiwa na miaka kumi na miwili.

Chokaa inawasha ngozi. Tumia majivu ya moto.

Tambwe


Kindu, tarehe 10, mwezi wa sita, 2025

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu kwa wote. Sina habari za kuchekesha leo.

Nimekosa. Ulisema siku tatu bila nyayo, nami nikangoja mbili. Redio ilitaja mahali karibu kuliko jana, moyo ukanipanda, nikachukua nyundo nikaziba tundu la nyuma. Niliona mama amewahamisha watoto watatu mpaka kwenye sanduku, nikasema wamekwisha. Mchana mzima yule paka mweusi alikaa mbele ya waya analia, si kilio cha njaa, nakijua kile kilio. Alikuwa anakwaruza udongo mpaka kucha zikatoka damu.

Niliung'oa waya kwa mikono, nyundo sikuiona. Nikaingia kwa tumbo, mimi na miaka yangu sitini na nane. Mtoto wa nne alikuwa kule mwisho, nyuma ya nguzo ya kati, amekwama kwenye kamba kuukuu. Yu hai. Nilimtoa ndani ya kitambaa changu cha kichwa na mama yake akamchukua bila asante.

Kisha nilishindwa kutoka. Nililala pale chini, shavu langu liko kwenye udongo, sijui muda gani. Mke wa Muhindo alinivuta miguu akidhani nimekufa.

Tambwe, nyumba hii haina mtu. Mwezi wa saba barabara zinakauka, waasi wanaweza kufika; wakinikuta mimi peke yangu, sijali. Nakuogopea wewe. Siku ambazo barua haiji nawaza tayari wamekubeba. Kama hutaki kulala chini, hulali. Lakini njooni. Kindu bado kuna njia ya mto, kuna Kibombo, kuna ndugu zetu wa Tunda, tutakimbilia mbele. Huko uliko hakuna mbele.

Unaogopa nini katika nyumba ya baba yako?

Aïcha


Bukavu, tarehe 14, mwezi wa saba, 2025

Shangazi,

Nakuandikia jioni, mlango umefungwa. Jana walimchukua jirani yetu wa ukuta mmoja. Mado amekunja nguo zetu ndani ya mfuko mmoja, ameuweka karibu na mlango. Kwa hiyo nitakujibu, maana sijui kama nitapata karatasi nyingine.

Mwaka ule wa elfu mbili na mbili, mji ulipofungwa na askari wakisaka nyumba kwa nyumba, uliniambia maneno mawili: nisitoe sauti, nisitoe kitu nje. Jirani alikuwa ametufungia kufuli kwa nje ili nyumba ionekane tupu, na sisi watatu tuko chini, wewe, baba na mimi. Paka wangu alikuja kwenye tundu amekonda. Baba alikuwa ameleta samaki usiku, nikaficha kichwa cha samaki ndani ya shati, na alfajiri nikamwekea pale nje. Samaki mbichi, mbele ya nyumba isiyo na watu.

Homa ilinichukua, lakini sikulala yote. Nilisikia viatu kwenye baraza, juu ya kichwa changu. Nikasikia mmoja anasema: "Samaki hii ya leo imetoka wapi? Kuko muntu hapa." Kisha sikumbuki. Nilipoamka baba hayupo.

Ulipoandika kwamba alikwenda kutafuta maji, nilijua umenidanganya kwa kunihurumia. Nikajua unajua nilichofanya. Nimewatibu paka wa mji mzima huu bila malipo, shangazi, watu wanadhani nina huruma nyingi. Mimi ndiye niliyemuua baba kwa kichwa cha samaki. Ndiyo sababu siji. Nitakuangalia vipi usoni, wewe dada yake?

Sasa umejua kwamba najua.

Tambwe


Kindu, tarehe 1, mwezi wa nane, 2025

Tambwe, mwanangu,

Salamu sina nguvu ya kuzipanga. Bruno anangoja nje na injini inawaka, nimemwambia hata akingoja mpaka kesho atangoja.

Miaka ishirini na mitatu mtoto amebeba mzigo wangu kichwani, na mimi nimemwangalia nisiuone. Sikujua kwamba unajua habari ya samaki. Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani umelala.

Wale askari walikuwa watatu. Kweli waliona samaki. Mmoja alisema kuna mtu. Wa pili akasema, "Hapana, iko paka tu, njo imekokota samaki kutoka mutoni." Wakabishana pale juu, wakicheka. Wewe ukaanza kukohoa. Nilikuziba mdomo kwa kiganja, ukawa unatapatapa mkononi mwangu kama unakata roho. Baba yako alikuwa amelala ubavuni kwangu. Nikamsogelea sikioni. Nilimwambia: "Kitenge, toka weye. Toka, ao tunakufa wote."

Akaniuliza, "Na mutoto?" Nikasema, "Mutoto niko naye." Hakuniuliza neno la pili. Alitambaa mpaka tundu la nyuma ili wasijue alikotokea, akazunguka nyumba, akajipangusa vumbi, akawasalimia kwa sauti kama mtu anayetoka msikitini. "Niko peke yangu," akawaambia.

Na sikiliza hili, ndilo ninalolala nalo. Wakati yeye anatambaa kwenda nyuma, yule wa kwanza alishasema, "Twende." Nilisikia kiti kinasukumwa. Walikuwa wanaondoka, Tambwe. Ningengoja pumzi tano tu. Nilitaka kumshika mguu, mkono wangu ulikuwa kwenye mdomo wako.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimebaki na wewe tu. Nikasema akijua, hataniita shangazi tena. Kumbe kwa kunyamaza ndiyo nimekupoteza.

Hakuna samaki aliyemuua baba yako. Nichukie kama unataka, nimestahili. Nichukie ukiwa hapa, mzima, na mke wako na mtoto wako.

Aïcha, dada ya Kitenge


Pangi, tarehe 30, mwezi wa nane, 2025

Shangazi,

Tumefika Pangi, sote watatu, siku ya kumi na moja ya safari. Bruno anatangulia na barua hii kwa sababu pikipiki ya pili imevunjika mnyororo, sisi tutakuja kesho kutwa, Mungu akitaka. Mado amevimba miguu lakini tayari anabishana na wauza ndizi. Vizuizi vimenipekua mara saba, na barua yako nimeipitisha ndani ya kiatu cha Jessica.

Nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuchukia, sitakuficha. Niliamka nikatembea uani nikikuchukia mpaka kukacha. Mara ya pili nilijiuliza, mimi na Mado tungekuwa chini pale, na Jessica kati yetu, nani angesema na nani angetoka. Nilimwuliza Mado. Akasema bila kufikiri, "Mimi ningekuambia utoke, na wewe ungekuwa umeshaanza kutoka." Tangu hapo nimeacha kukuchukia. Nimebaki na hasira ya miaka tu. Nilikuwa na shangazi mmoja, nikamkimbia bure.

Baba alikuuliza swali moja na wewe ukamjibu. Ulisema mtoto uko naye, na ulikuwa naye. Mimi ni shahidi.

Sijui kama vita vitafika Kindu. Vikija tutakwenda mbele, Kibombo, Tunda, popote penye jua. Pale chini ulipopasafisha sitalala, na wewe hutalala. Paka umewatoa vizuri, ziba sasa, na usiache nafasi.

Jambo moja tu kabla hatujafika. Vumbi la njia limemkaa Jessica kifuani, tangu tulipopita Kampene anakohoa, hasa akilala. Nakujua, ukisikia utaruka. Usimkimbilie, usimzibe mdomo. Mwache akohoe.

Mwanao, Tambwe